Shoga, dawa sizitupi baharini

Shoga yangu wa Malindi,

Voisi yako nimeisikiza yote, mpaka pale ulipokuwa wagombana na mtu wa tuktuk. Wasema nizitupe baharini hizi dawa zangu za wasiwasi nimtegemee Mungu. Mungu namtegemea, dawa sizitupi, na nakuandikia kirefu manake kwa simu utanikatiza tu.

Dawa hizi si kitu kipya, moja yao, diazepam, ilianza kuuzwa kwa jina la Valium tangu 1963. Zinatuliza ubongo, sasa ubongo ukizoea kutulizwa kila siku wenyewe unaacha kazi hiyo, ukikata ghafla ndo balaa: usingizi hakuna, mikono yatetemeka, jasho, na wengine huanguka kifafa kabisa. Na hayo humpata hata anayezinywa vilevile alivyoandikiwa, ndo maana nilikasirika uliponifananisha na mateja. Teja atafuta stimu, mimi natafuta kupanda boti ya kutoka hapa Lamu kwenda Mokowe bila moyo kwenda mbio mpaka abiria wanitizame.

Lakini usidhani nazitetea. Uingereza madaktari waliambiwa tangu 1988 wasizidishe wiki 2 hadi 4, mimi nimekaa nazo miaka, na kuna duka la dawa (silitaji) nikitokea tu mlangoni washanifungia vidonge vyangu, hata siku moja hakuna aliyeniuliza bado wazinywa za nini. Kichwa kimekuwa kizito. Nasimama darasani na chaki mkononi namtizama mtoto niliyemfundisha mwaka mzima, jina lake halinijii, mpaka wenzake wanisaidie huku wacheka. Mama asema ni jini. Nimesomewa, kombe nimekunywa, na usiku ule nilitulia kweli sikatai, lakini asubuhi mwili ulikuwa wadai kidonge chake palepale.

Basi daktari niliye naye sasa amenipangia vizuri. Kwanza alinitoa kwa alprazolam, ile dawa ya wasiwasi niliyokuwa nayo, akaniweka kwa diazepam, manake ile ya kwanza hutoka mwilini haraka na ikitoka tu mwili wapiga kelele, hii hukawia siku kadhaa kwa hivyo unashuka polepole. Halafu ndo kupunguza, kama sehemu moja ya kumi kila wiki moja au mbili, na mwili ukigoma nasimama papo hapo mpaka utulie. Ni njia ya daktari mmoja wa Uingereza, Heather Ashton, aliyekuwa na kliniki Newcastle 1982 mpaka 1994 ya watu kama mimi hawa hawa. Ni miezi shoga, wengine hupita mwaka.

Ungeniona usiku na wembe na kisahani! Kidonge chenyewe cha miligramu 5, nakata nusu, nakata robo, ile robo inamumunyuka yawa unga, naukusanya kwa ncha ya wembe nagawa upya, na hapo feni lazima nizime la sivyo dozi yote yaruka. Mama akipita aniona asema astaghfirullah ajiendea zake.

Kinachonitatiza hasa ni kujua, nikiamka usiku kifua kimenibana, ni dawa inatoka au ni wasiwasi wangu wa zamani umerudi. Daktari asema nitizame lini imeanza: ikiwa ni siku chache baada ya kupunguza, na yaja na mambo ambayo sikuwa nayo kabla, masikio kulia, mwanga kuniumiza macho, basi kuna uwezekano mkubwa ni dawa, na hupungua. Isipopungua turudi tuongee. Na sikuapa kwamba lazima nifike sufuri. Nikifika kiasi kidogo nikaona naishi, nasomesha, nalala, nitakaa hapo hata ukinuna.

Kahawa nayo nimeambiwa nipunguze, na hiyo wallahi ndo imeniuma kuliko vyote, kupita barazani jioni nasikia vikombe vyalia na mimi naenda zangu.

Mfungo Sita ukija Maulidini usije ukaniuliza mbele za watu ati "ushaacha?" Ukitaka kunisaidia, alasiri twende Shela kwa miguu unipigie soga zako za umbea, nikitembea usiku nalala kidogo. Na uje na achari ya maembe, lakini funga chupa vizuri, ile ya mwaka jana ilimwagikia buibui zote mkobani.

Wako akupendaye hata ukiudhi.