Na fundi wa ishara za reli naye aulizwe daftari lake

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama ni ndefu ikate unavyoona. Mi ni Mtanzania, fundi wa ishara za reli huku Uingereza, na gazeti lenu nalisoma kwenye simu kabla sijaingia shifti ya usiku. Tangu SGR, ile reli yetu mpya ya umeme, ianze kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024 na baadae Dodoma, nimesoma humu kuhusu nauli, tiketi za mtandaoni, foleni pale stesheni, umeme kukatika, mpaka bundi na ngedere nao wakapata nafasi yao kwenye habari. Ila sijawahi kuona barua hata moja ya msomaji anayeuliza yule aliyepima ishara za hiyo njia ni nani, mara ya mwisho amepima lini, na nani alimwona akipima. Kiukweli mi ndo swali langu la kwanza kila ninapopanda treni yoyote, ni ugonjwa wa kazi.

Kwa wasioijua hii kazi, mfumo wa ishara ndo unaomwambia dereva pita au simama, ndo unaozifunga pointi, yani pale reli inapogawanyika, zisisogee treni ikiwa juu yake, na ndo unaozuia treni mbili zisipewe kipande kimoja cha njia. Treni ikiwa kwenye kilomita 160 kwa saa inataka kilomita nzima na zaidi ili isimame, kwa hiyo dereva akishamwona mwenzie kwa macho ishachelewa. Anaendesha kwa kuamini tu. Na anachokiamini kimefungwa na mtu, kikapimwa na mtu, saa nane za usiku mara nyingi, mvua inanyesha na bosi anapiga simu kila dakika kuuliza njia inafunguliwa saa ngapi.

Huku kwao somo walilipata kwa damu. Desemba 12, 1988, Jumatatu asubuhi watu wanawahi kazini, treni iliyotoka Poole iliigonga kwa nyuma treni ya kutoka Basingstoke iliyokuwa imesimama karibu na Clapham Junction, London. Wakafa watu 35. Taa iliyotakiwa kuwa nyekundu haikuwa nyekundu. Kisa ni waya mmoja wa zamani, fundi alikuwa anaingiza waya mpya kwenye rilei, yani swichi inayoendeshwa na umeme, ule wa zamani akaufungua upande mmoja tu, hakuukata wala hakuufunga pembeni inavyotakiwa, ukabaki unaning'inia na upande wa pili bado una moto, wiki mbili baadae ikafanyika kazi nyingine hapohapo, waya ukasukumwa, ukarudi kugusa palepale ulipotolewa. Hakuna mtu wa pili aliyehesabu waya kulinganisha na mchoro. Fundi mwenyewe ndani ya wiki 13 alikuwa amepumzika siku moja.

Sasa Anthony Hidden, mwanasheria aliyeongoza uchunguzi, akakuta jambo ambalo mi linanisumbua kuliko huo waya. Ule ufungaji mbovu haukuwa wa siku ile. Ndo yule fundi alivyokuwa anafanya miaka yote, na katika miaka yote hiyo hakuna msimamizi aliyewahi kumwambia ndugu hivi sivyo. Kila mtu alimhesabu ni mzoefu. Yani uzoefu wake ulikuwa mrefu kweli, ila ulikuwa uzoefu wa kukosea, na hapakuwa na karatasi yoyote ambayo mtu angeifungua akaliona hilo.

Ripoti yake ndo ilisukuma mambo, na miaka ya 1990 chama cha mainjinia wa ishara za reli, IRSE, ambacho kipo tangu 1912, kikaanzisha leseni. Na sio leseni moja ya jumla. Kuna ya mfungaji, ya mtunza mitambo na mtafuta hitilafu, ya mpimaji, ya anayesimamia upimaji wote, ya mchoraji na ya anayemhakiki mchoraji, na ukiwa na moja haikupi ruhusa ya kuingia kwenye nyingine kisa unaijua. Kuipata sio kujibu karatasi tu, kuna mkaguzi anayekuja kukuangalia ukiwa kazini, halafu kuna mwingine anakaa na wewe anakuhoji, na mbele yake amefungua logibuku yako, yani daftari unaloandika kila kazi uliyofanya.

Hiyo logibuku ndo hasa iliyonifanya niandike. Digrii yako ipo ukutani haibadiliki, umesoma umesoma. Logibuku inaonyesha unachofanya sasa hivi. Mtu anaweza kuwa alipima stesheni nzima miaka kumi iliyopita, tangu hapo yuko ofisini anasaini likizo za watu, huyo sio mpimaji tena hata kama tunamwita injinia mkuu na tunamwamkia kwa heshima zote. Ni kama kadi ya kliniki ya mtoto, haina maana kama ina uzito wa siku ya kuzaliwa tu.

Na kuna kuandika na kuandika. Ukurasa uliojazwa "nimefanya upimaji, kila kitu sawa" haumsaidii mtu. Anayejua kazi anaandika tarehe na saa aliyoanza na kumaliza, kabati lipi kando ya reli, mfumo wa aina gani maana rilei za zamani na kompyuta ni vitu viwili tofauti, mchoro namba ngapi na toleo gani, alipima nini hasa, alihesabu waya, alipima kama waya haivujishi, alilinganisha pointi na kinachoonekana kwenye chumba cha kuongozea treni, na muhimu kuliko vyote alikuta kasoro gani na akaifanyaje. Mi logibuku isiyo na kasoro hata moja inanitia wasiwasi. Hakuna njia mpya duniani iliyopimwa isikutwe na kosa, sa huyu mwenzetu alikuwa anapima nini? Halafu chini kuna alama ya anayeshuhudia, na ashuhudie alichokiona yeye, sio alichosimuliwa kwenye chai.

Wanaojaza kwa kukumbuka wapo, tena wengi. Kuna mkandarasi mmoja simtaji, ukaguzi ukikaribia watu walikuwa wanapewa wikiendi moja ya kujaza miezi sita. Mkaguzi mmoja mtu mzima aliwahi kutuelekeza jinsi anavyowakamata, wala hasomi kwanza, anafunua tu kurasa harakaharaka. Wino rangi moja mwanzo mpaka mwisho, mwandiko umetulia, karatasi nyeupe pee haina hata alama ya kidole chenye grisi wala kona iliyolowa, na kazi zote zimeandikwa ni za usiku porini! Siku hizi wengi wanajaza kwenye simu au kompyuta kwa hiyo ujanja wa wino umekufa, ila programu nyingi zinaonyesha saa uliyoingiza habari, kwa hiyo bado unakamatika tu.

Kuna faida nyingine ambayo watu wa nje hawaioni. Logibuku inampa fundi mdogo nguvu ya kukataa. Saa tisa usiku meneja anakwambia mpimaji wetu anaumwa, we unajua kazi, pima utie saini tufungue njia. Bila leseni na daftari utaonekana mkaidi, una kiburi, kesho hupangiwi kazi. Ukiwa nalo unamjibu kwa adabu tu, mkuu hii aina ya mfumo haimo kwenye daftari langu, leseni yangu haifiki huko, nikisaini mimi hiyo saini ni batili. Na hapo hana la kufanya. Vilevile na masaa, huku baada ya Clapham waliweka ukomo, saa 12 kwa shifti na saa 72 kwa wiki, na daftari lililoandikwa saa za kuanza na kumaliza ndo shahidi wa fundi aliyechoka.

Sisemi wenzetu ni malaika. Agosti 2017 pale Waterloo treni iligonga mabehewa ya kazi kwa sababu ya waya za muda zilizoongezwa wakati wa upimaji bila kufuata utaratibu, bahati nzuri ilikuwa inaenda polepole na hakuna aliyeumia. Wachunguzi wakaandika waziwazi kwamba somo la Clapham linaanza kusahaulika. Mafundi wa wakati ule wanastaafu, vijana wanaona kuhesabu waya ni usumbufu.

Nirudi nyumbani. SGR yetu inatumia ETCS levo 2, mfumo wa ishara wa kompyuta uliotoka Ulaya, ishara zinamfikia dereva kwa redio kwenye kioo chake, waya za kuning'inia ni chache. Sa mtu atasema basi hadithi ya Clapham haituhusu. Inatuhusu, imebadilika sura tu. Oktoba 2017 kwenye njia ya Cambrian kule Wales, yenye mfumo wa aina hiyohiyo, kompyuta ilijiwasha upya ikapoteza maagizo ya muda ya kupunguza spidi, huku kioo cha mwongoza treni aliye kwenye chumba cha kuongozea kikiendelea kuonyesha yapo. Treni ikapita kivuko kwa kama kilomita 80 kwa saa mahali pa kupita na 30, na aliyegundua ni dereva. Kwa mifumo hii fundi akiandika "nimepima stesheni fulani" bila kuandika toleo la programu na la data lililokuwemo siku ile, hajaandika kitu, maana wiki ijayo likiingizwa toleo jipya upimaji wake unahusu mtambo ambao haupo tena.

Kwetu msingi upo. ERB, bodi ya usajili wa mainjinia, wana mpango wa mafunzo kazini unaoitwa SEAP ambapo injinia aliyetoka chuo anafanya kazi miaka mitatu chini ya msimamizi na kuripoti alichofanya kabla ya kusajiliwa, mpango mzuri sana. Lakini akishasajiliwa kinachohesabiwa zaidi ni semina na makongamano, na kukaa ukumbini Dodoma na begi la kongamano sio sawa na kupima pointi. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, nao wanawapima na kuwathibitisha madereva wa mabasi, abiria wote tunalijua hilo na tunalifurahia. Naomba LATRA na TRC, shirika letu la reli, watueleze kupitia gazeti hili, anayeruhusu ishara za SGR zianze kutumika baada ya matengenezo anathibitishwa na nani, kwa kazi ipi hasa, na rekodi zake zinakaguliwa kila baada ya muda gani. Inawezekana yote yapo na yanafanyika vizuri, basi tuambiwe tujivunie.

Na nyie vijana mnaofanya kazi chini ya wakandarasi wa nje, msisubiri kuambiwa. Mkataba ukiisha wageni wanaondoka na mafaili yao, we unabaki na barua ya mistari mitatu kwamba ulikuwa mchapakazi na mwaminifu. Nunua daftari lenye kurasa zilizopigwa namba, andika siku hiyohiyo kabla hujalala, mwombe aliyekuona asaini hapohapo na aandike cheo chake, piga picha uhifadhi pengine. Usichukue michoro ya kampuni ukaiweka kwako, hiyo itakuletea kesi, namba ya mchoro inatosha. Fundi sanifu pia andika, msiwaachie wenye digrii peke yao, maana kwenye kabati nyie ndo mnaoshika waya.

Na kama kuna fundi wa TRC, wa TAZARA au wa ile SGR ya Kenya anasoma hapa, ajibu humuhumu atuambie wao wanaandikaje, hasa wale wazee waliofundishwa chuo cha reli Tabora, maana nasikia enzi zao daftari lilikuwa halitoki mfukoni.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa ishara, Doncaster, Uingereza