Barua kwa mawakili vijana wa Nakuru: mmefika shambani?

Wanangu mlioapishwa juzi, na nyinyi mnaosubiri kuapishwa,

Jumanne iliyopita niliketi benchi la nyuma la Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Nakuru. Sina kesi siku hizi, nilimsindikiza jirani. Akasimama wakili kijana, suti imemkaa, sauti ya redioni, anamtetea mama mzee aliyejifunga leso. Jaji akamuuliza swali la mtoto wa darasa la nne: "Wakili, barabara inapita upande gani wa hilo shamba?"

Akafunua faili. Akafunua tena. Akasema, kaskazini. Nyuma yake mama akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kuelekea dirishani, huku midomo inacheza bila sauti. Kesi ikasogezwa miezi minne. Tukiwa kwenye ngazi nikamsikia mama akimuuliza mwanawe, "Kwani huyu hajawahi kufika kwetu?" Hajawahi. Na shamba liko Njoro, nusu saa kwa matatu.

Nimekasirika tangu siku hiyo, kwa hiyo mnivumilie.

Mnajiita mawakili wa ardhi na ardhi yenyewe hamjaikanyaga. Mnaijua kwa nakala ya hatimiliki iliyopigwa picha kwa simu. Hatimiliki haitakwambia kwamba kisima wanachochota majirani kimo ndani ya ua wa mteja wako. Haitakwambia kwamba kuna makaburi mawili chini ya mparachichi, na ukishasikia makaburi, jua kesi yako imebadilika. Mkonge uliopandwa mstari mmoja na kuzeeka pamoja ni ushahidi wa mpaka. Waya mpya juu ya nguzo mbichi ni ushahidi wa jambo lingine. Hayo utayaona ukiwa umesimama pale, viatu vina matope, na jirani amekuja kuchungulia uliko. Msalimie huyo jirani. Atakwambia mambo ambayo mteja wako amekuficha.

Siwasemi kama mtu asiye na dhambi. Mwaka 1996 nilipewa kesi na mjane aliyesema jirani amemmegea kipande. Hati yake ilisema ploti 241. Nikachukua ramani, nikachukua hati, nikaenda Mahakama Kuu (wakati huo hatukuwa na mahakama ya ardhi peke yake) na nikashinda. Nilinunua soda kwa ofisi nzima. Siku ya kutekeleza amri saveya akaja na mnyororo wake. Akaanza kupima. Akaipita nyumba ya mjane. Akalipita zizi. Akaendelea kutembea, sisi nyuma yake kama watoto wanaofuata harusi, mpaka akasimama karibu mita 200 mbele, kwenye boma la watu wengine kabisa wanaokula chakula cha mchana. "241 ni hapa," akasema. Mjane alikuwa akiishi kwenye 214.

Mwenye hati ya 214, aliyekuwa akikaa Nairobi, akasikia. Akaja na hukumu yangu mwenyewe mkononi kumfukuza mteja wangu.

Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa amekalia ile ardhi waziwazi zaidi ya miaka 12 tangu hati zitolewe, na sheria ya ukomo wa madai inamruhusu mtu wa namna hiyo kuiomba mahakama imsajili yeye. Ilichukua miaka sita. Alinisamehe. Kila Desemba alikuwa akiniletea viazi, na kila Desemba niliona haya kuvipokea.

Kosa lile lina asili yake, na anayetaka kufanya kazi hii Nakuru aijue. Baada ya uhuru, mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika. Watu walichanga, wakapewa vyeti vya hisa, wakaokota balloti (vikaratasi vya kura vyenye namba za vipande), wakaonyeshwa vipande kwa kidole: "Wewe kuanzia mti ule." Saveya alikuja baadaye, pengine miaka mingi baadaye, akachora anavyojua yeye. Kwa hiyo namba iliyo kwenye karatasi na mahali mtu alipojenga si lazima vikutane. Wazee waliokuwepo siku ya balloti wanakufa mmoja mmoja. Kaandikisheni maelezo yao leo.

Mengine nayataja tu, mengi mlifundishwa mkasinzia.

Sachi, yaani upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, inakwambia mwenye ardhi leo. Omba grinikadi, ile kadi ya rejista yenye historia ya shamba, uone ilivyopita mkono kwa mkono. Mwaka 2023 Mahakama ya Upeo, kwenye kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, ilisema wazi kwamba kupunga hati hakutoshi kama chimbuko lake lina doa. Kifungu cha 40(6) cha Katiba hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Shamba la kilimo likiuzwa, ombi la kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba.

Ugomvi wa mpaka unaanzia kwa Msajili wa Ardhi. Ukikimbilia kwa jaji kwanza, utarudishwa.

Pesa ya mteja si nauli yako.

Na hapa mjini, kanjo, askari wa kaunti, wakibandika notisi ukutani na kuchora X nyekundu, usikimbilie mahakamani na vyombo vya habari nyuma yako. Sheria ya mipango ya mwaka 2019 inampa mteja siku 14 kukata rufaa kwenye kamati ya uhusiano ya kaunti, inayosikiliza rufaa za mipango, na kutoka huko ndipo mnapoingia mahakamani. Nimeona wenye vibanda wakipoteza kila kitu, si kwa sababu hawakuwa na haki, bali kwa sababu wakili alipenda kamera kuliko kalenda. Siku ya kumi na tano tingatinga halikuulizi ulisoma wapi.

Lakini niwe mkweli, nyinyi si wabaya peke yenu. Sisi wenyewe tunanunua ploti kwa broka aliyeketi kwenye pikipiki, mkataba umeandikwa kwenye fulskepu, shahidi ni shemeji yake. Ndugu anauza shamba la baba hata kabla matanga hayajaisha. Kaunti inapitisha ramani ya nyumba juu ya mkondo wa maji, halafu mvua ikinyesha inatuma rambirambi. Jiji tulipandishwa hadhi Desemba 2021, tukapiga vigelegele, na bado kuna mitaa ambayo gari la zimamoto haliwezi kuingia kwa sababu mtu amejenga duka katikati ya njia. Duka hilo lina hati. Jiulizeni nani aliitia sahihi, na wakili gani aliiandaa.

Yule kijana wa Jumanne sikumfokea. Nilimkuta nje ameegemea gari, tai ameilegeza, macho mekundu. Ana kesi arubaini na moja, aliniambia, na bosi wake hampi nauli ya kwenda popote. Nilimwelewa. Nilimpa yangu, nikamwambia aende kabla ya mwezi kuisha, na amwombe mama chai.

Jumamosi ijayo naenda upande wa Mau Narok kumwonyesha mpwa wangu mpaka wa shamba lao. Gari lina nafasi tatu, tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Atakayekuja aje na gambuti. Mvua imeanza huko.

Wenu,
Mzee wa benchi la nyuma