Shangazi, mume wangu naye aliitikia

Shangazi, shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Ni saa tisa usiku, maharage yako jikoni yanatokota, na saa kumi na moja lazima niwe njiani kwenda kazini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Sijalala. Hata kama nisingekuwa na maharage ya kuchemsha nisingelala. Nilishasema sikuandikii, maana habari za mama mkwe unaletewa kila wiki, lakini hili langu si la mama mkwe, naomba unielewe hapo. Mama mkwe wangu ni mtu mwema. Ninachouliza ni kuhusu baba watoto, kwa nini aliitikia.

Unaijua Rozari ya mwezi wa kumi, jumuiya inavyozunguka nyumba kwa nyumba. Ilipofika zamu yetu nilirudi mapema, nikafagia uwanja, nikamwagia maji vumbi litulie, na maji yenyewe huku Nzuguni, Dodoma, unajua tunavyokinga usiku yakitoka. Nikatandika mikeka, nikaweka meza na kitambaa cheupe, picha ya Mama Bikira Maria na mishumaa. Nikachemsha viazi vitamu, nikakaanga karanga, nikapika chai ya maziwa ili watu wasiondoke hivi hivi. Ilikuwa Ijumaa, matendo ya uchungu. Tukasali vizuri, makumi yote matano. Ikafika kwenye nia, mwenyekiti akasema mwenye nia aitoe. Mmoja akaombea wagonjwa, mwingine akaombea mvua. Ndipo mama mkwe akasimama, kwa sauti kabisa, akasema: "Namshukuru Mungu aliyenileta hapa, maana nimekuta wajukuu zangu wana njaa. Tuwaombee watoto wote wenye mama lakini hawapikiwi. Ee Bwana."

Watu wakaitikia, twakuomba utusikie. Wote. Baba watoto alikuwa amekaa pembeni yangu, bega kwa bega, nikamsikia kabisa anaitikia pamoja nao.

Shangazi, mtu akikutukana barabarani unamjibu. Akikusema kwa jirani unaenda unauliza. Sasa mtu akikusema mbele ya Mungu, watu wamefumba macho, unamjibuje? Nilikaa pale pale. Sala ilipoisha nikainuka nikagawa viazi na chai, kikombe kwa kikombe, na hao hao walioitikia wakapokea kwa mikono miwili wakaniambia Mungu akubariki mama.

Mimi ni mamalishe. Napikia mafundi kule Mji wa Serikali, asubuhi supu na chapati, mchana wali maharage na ugali kwa samaki au nyama. Sahani ya wali maharage nauza 2,000. Tulikuja huku kwa ajili ya kazi hizo hizo, Serikali ilipohamia Dodoma na ujenzi ukawa mwingi, mume wangu ni fundi marumaru na hapa ni kwao, mimi ni Mluguru wa Mgeta. Wakati huo yeye ndiye alikuwa analeta. Sasa hivi kazi zake zinakuja na kukatika, anaweza kumaliza jengo moja akakaa nyumbani mpaka basi. Sijawahi kumsema. Kodi inatoka kwenye sufuria, ada ya chekechea inatoka kwenye sufuria, hata sadaka anayotoa Jumapili inatoka humo humo. Watu wazima wanaobeba zege wanashiba kwa mkono wangu, halafu wanangu ndio wawe na njaa?

Kuna hotpoti ya bluu, mfuniko wake ulipasuka nikauziba kwa plasta. Hiyo ni ya watoto. Wali ukiiva, kabla sijampakulia fundi hata mmoja, nachota kwanza wa watoto, wa katikati ya sufuria, si ukoko na si ule wa juu uliokauka. Nawawekea maharage niliyoyatoa pembeni kabla ya pilipili, mchicha uliokaangwa kwa mafuta ya alizeti, na siku ya nyama nawachambulia mnofu usio na mfupa. Kijana wa bodaboda ninayemwamini anaipeleka nyumbani, saa sita na nusu watoto wanakula cha moto. Mama mkwe anakiita mabaki ya mafundi. Nimemweleza kwa upole, mama, hiki kinapakuliwa kabla ya wateja. Ananiangalia tu, anasema haya mkwe wangu. Kesho yake hotpoti nairudia jioni iko vile vile, wali umepoa, watoto wameshalishwa ugali wa uwele na mlenda.

Na kadi ya kliniki ya mdogo ninayo, iko kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vyao vya ubatizo. Mstari wake uko kwenye kijani tangu kuzaliwa, isipokuwa ule mwezi aliougua kuharisha ukagusa kijivu, na ukapanda tena. Nesi mwenyewe alinisifia. Siku ile ya Rozari nilitamani niingie ndani niitoe niwaonyeshe watu wote.

Sisemi chakula cha mama ni kibaya. Anapika mlenda ambao mimi siuwezi, nakiri mbele yako. Anachemsha maji na magadi kidogo, anamimina ule mlenda mkavu uliosagwa aliokuja nao kijijini, anakoroga haachi, anatia nyanya na karanga za kutwanga, mara umeiva, umevutika vizuri, hauna uchungu. Watoto wanachovya matonge mpaka wanakomba bakuli kwa kidole. Mimi mwenyewe nikirudi nimechoka nauomba, na ananiwekea, hajawahi kuninyima. Ndiyo maana nasema ni mtu mwema. Alikuja mwenyewe dada wa kazi alipoondoka ghafla, akaacha nyumba yake kule upande wa Bihawana, akaja na mfuko wa uwele na kuku wawili. Bila yeye ningewaacha watoto na nani?

Lakini njaa. Angesema wachafu ningefua. Angesema hawana adabu ningemwelewa, kila bibi anasema hivyo. Jioni huwa anawasimulia watoto habari za Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo ya miaka ya 1917 hadi 1920, kama alivyosimuliwa na bibi yake. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikomba ng'ombe na nafaka, vijana wakachukuliwa kubeba mizigo ya vita, kisha mvua ikagoma, watu wakala mizizi, wengine wakafia njiani wakitafuta chakula nchi za watu. Huwa anasimulia huku machozi yanamlenga. Sasa mtu wa namna hiyo akisimama mbele ya Wagogo wenzake akasema nimekuta wajukuu zangu wana njaa, wanajua anasema nini. Hakuteleza ulimi. Na mwanaye naye amekulia kwenye hizo hizo simulizi, anajua uzito wake, akaitikia.

Jumatatu yake mama mmoja wa jumuiya akaja na kilo za unga wa lishe kwenye mfuko mweusi. Hakuja kwa ubaya, mama wa watu ana huruma zake. Nikapokea, nikamshukuru, nikamsindikiza mpaka barabarani. Niliporudi nikauweka juu ya kabati na mpaka leo sijaufungua. Unga wa lishe natengeneza mwenyewe, mahindi, ulezi, soya kidogo na karanga, natenga kila kimoja nakikaanga kabla ya kupeleka mashineni. Unga wa lishe nisaidiwe mimi?

Usiku ule nilimwuliza baba watoto. Akasema, "Sasa ulitaka nifanye nini, nikatae sala?" Nikamwambia ungenyamaza. Akasema mama ni mzee, mpuuze, sala ni sala, watu wanaitikia tu. Nikamwuliza, wewe unaona watoto wako wana njaa? Akageukia ukutani. Hakusema ndiyo wala hapana. Hapo ndipo usingizi wangu ulipoondokea. Kama aliitikia kwa mazoea, midomo imekwenda yenyewe, naweza kusamehe. Ila kama aliamini, basi miaka yote hii anakula chakula changu huku moyoni anasema huyu hapiki. Nitajuaje ni lipi kati ya hayo mawili? Nikimwuliza tena anasema nimeanza.

Na si mimi tu ninayelibeba. Mkubwa wangu wa chekechea juzi nimeingia na hotpoti, akamwambia mwenzake wa jirani, "Sisi tulikuwa na njaa, bibi ndiye alituokoa." Anaongea kwa furaha, hajui anachosema, ni mtoto. Na kwenye sala ya kulala tulikuwa tunasema Mungu mbariki baba, mama na bibi. Siku hizi anaanza na bibi, anamshukuru kwa ugali, halafu baba, mara nyingine usingizi unamchukua kabla hajanifikia. Nikimsahihisha naona aibu, nitaonekana nadai kuombewa.

Dada yangu wa Morogoro anasema nimwambie mume amrudishe mama yake. Sitaki. Yule ni mzazi, na mvua zikianza mwezi wa kumi na mbili ataondoka mwenyewe kwenda kulima uwele wake, hawezi kukaa mjini msimu wa kilimo. Ila mwezi wa kumi na mbili ni mbali, Shangazi. Kuna asubuhi natoka namwona anachochea moto, mwanangu mdogo yuko mgongoni kwake amefungwa kanga, amelala fofofo, namshukuru Mungu. Nikifika Mtumba, jua likishachomoza, natamani nikirudi nikute ameshaondoka. Halafu natamani awepo. Basi nikuulize hivi, nikimwomba baba watoto aseme kwenye jumuiya, mbele ya wale wale, kwamba watoto wake wanakula, nitakuwa namdhalilisha mama yake? Yeye hataki hata kulisikia hilo. Lakini liliposemwa hadharani mbona halikuwa tatizo?

Tena kuna jambo la Jumapili. Sijakomunika tangu siku ile. Najipanga kwenye foleni halafu nachepuka, maana nina kinyongo, na tumefundishwa ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako uache sadaka yako ukapatane naye kwanza. Sasa mwenye neno ni nani hapa, mimi au yeye? Nilifikiria kwenda kuungama kwa paroko, nikaona nitaungama nini. Nimekosa nini? Naenda kuungama kwamba nimesemwa? Mama mkwe yeye anakomunika kila Jumapili, na baba watoto anakomunika.

Tarehe 31 tunafunga Rozari kwa misa, na jumuiya imenichagua mimi nipike pilau la kufungia kwa sababu wanajua mkono wangu. Mwenyekiti ameshanikabidhi mchango, mama mkwe kafurahi kuliko wote, anasema atanisaidia kukoroga. Mchele sijanunua. Nikikataa watasema nina hasira na sala. Nikikubali ninapakulia sahani watu walioitikia kwamba sipikii watoto wangu. Ningependa unijibu kabla sijaenda sokoni, na nisamehe kwa urefu. Jina langu na la jumuiya yetu usiyaandike, humu wengi wanakusoma, na mume wangu anakusoma. Yeye akisoma atajua ni mimi, hilo sijali.