Mshale unaoelekeza mtaroni

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwasemee tunaopotea Marangu. Sizungumzii wapanda Mlima Kilimanjaro. Wale wana wapagazi, waongozaji na lango ambako majina yao yanaandikwa kitabuni. Nasema sisi wa safari ya siku moja, tunaoshuka na daladala Marangu Mtoni asubuhi, tukatazame maporomoko na mapango ya kale ya Wachagga, jioni turudi Moshi.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikwenda na mpwa wangu wa miaka 11. Barabarani kuna kibao kikubwa, rangi safi, na picha ya maji yanayomwagika. Ukishaingia vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba za watu, ndiyo basi tena. Njia panda ya kwanza haina kitu. Ya pili ina kipande cha ubao kwenye mti wa mgrivea. Kilipigiliwa kwa misumari miwili, mmoja umeng'oka, kwa hiyo ubao umelala upande na mshale wake unaonyesha chini, mtaroni. Tukabahatisha kushoto. Baada ya dakika kama 40 tulikuwa katikati ya mibuni ya watu, raba zimejaa tope, maji tunayasikia lakini hatujui yako upande gani, maana kwenye makorongo yale sauti huzunguka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mmepotea, eeh? Leo ninyi ni kundi la tatu."

Hakutugombeza. Alituonyesha tu ukingo wa mfongo wake, mfereji wa kumwagilia shamba, uliobomolewa na nyayo za wageni, maji ya migomba yakimwagikia njiani. Kisha akamwita mjukuu wake atushushe.

Mfongo unazibika kwa jembe na nusu siku ya kazi. Kinachonitisha ni huko chini, ambako tungefika peke yetu kama tusingekutana na yule bibi: kijia chembamba ukingoni mwa korongo, udongo unaoteleza kama sabuni, hakuna hata kamba ya kushika. Wa kule wanajua kwamba wakati wa masika mvua ikipiga juu msituni, mto huweza kujaa ghafla huku bondeni jua linawaka. Mgeni atajulia wapi? Hakuna kibao kinachomwambia aishie hapa.

Nimewahi kusikia vijana wanaotembeza wageni wakisema alama zikiwekwa, wao watakosa mkate. Sikubaliani nao. Tuliyemlipa pangoni alitueleza kwa nini mlango ni mdogo kiasi cha kuinama: adui aingie mmoja mmoja, kichwa kikitangulia. Akasema udongo uliochimbwa ulimwagwa mtoni ili maficho yasijulikane. Mpwa wangu alitambaa mle ndani akiwa kimya, jambo ambalo nyumbani halijawahi kutokea. Hayo hayaandikwi kwenye mshale, na ningemlipa tena kesho. Nisichotaka kulipia ni kupotea.

Wala siombi mradi wa mamilioni. Wachagga wamekuwa wakipanda mimea ya masale mipakani tangu zamani, na kila mtu kule anajua maana yake. Masale mawili kila njia panda, upande unaofaa kupita, na mawe machache yaliyopakwa chokaa kwenye mteremko, yangetosha kwa sehemu kubwa ya njia. Wenye vihamba waulizwe kwanza njia ipite wapi, na sehemu ya kiingilio iwarudie kwa ajili ya mifongo yao. Kibao cha maandishi kiwekwe pale pa hatari tu, ukingoni mwa korongo, kwa Kiswahili pia, si Kiingereza peke yake.

Ule ubao, kama haujaanguka, uko kwenye mgrivea, njia panda ya pili ukitokea barabarani. Kwa kuanzia, msumari mmoja tu unatosha.

Msomaji wako,
Moshi