Taarifa ya mwaka: wakaaji wa kando ya bandari, Bukavu

Wapendwa memba, bapapa na bamama, na nyie vijana, jambo sana.

Mwaka huu kazi kubwa ya komite ilikuwa ile habari ya madepo ya zamani, maghala ya mizigo, pale bandarini, maana kila mtu anaona bati zimeliwa na kutu na kila mara tunasikia kuna mwenye feza anataka kuyachukua, tukasema tusikatae wala tusikubali, kwanza tujue wengine walifanyaje.

London bandari zao za mtoni zilifungwa moja moja hadi 1981, sababu meli za kontena zilikuwa kubwa mno kuingia humo. Serikali ikaunda shirika mwaka huohuo, likanyang'anya halmashauri za mitaa kazi ya kupanga ujenzi, likaleta ofisi, treni, hata uwanja wa ndege, lakini wale waliokuwa wakipakua mizigo na familia zao wengi nyumba mpya hawakuziweza bei, wakalia sana. Hamburg kule Ujerumani walienda kivingine. Eneo lao la HafenCity ni hekta 157, ardhi nyingi ilikuwa ya mji wenyewe, kwa hiyo walikuwa wanauza parsele (kiwanja) moja moja na kuangalia wazo la mnunuzi, si bei peke yake. Waliinua ardhi juu kwa ajili ya mafuriko, na pembeni ya maji watu wote wanatembea. Depo moja la zamani la kakao sasa limebeba ukumbi wa muziki juu yake, ulifunguliwa 2017.

Mimi nasema wazi tufuate Hamburg. Mama akitoka kisiwa cha Idjwi na mananasi yake anashukia kwenye ubao mmoja unaoteleza, kikapu kichwani, mtoto mgongoni, na wenye samaki wadogo wa sambaza nao wanasubiri hapohapo. Yeyote atakayejenga aanze na ngazi za saruji, choo, na njia ya miguu isiyo na geti. Kama hataki hayo basi aende.

Salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, iendelee, chupa tunazotupa ziwani zinashuka mpaka kwenye baraje ya umeme ya mto Ruzizi zinaziba mitambo na moto unakatika kwetu wenyewe.

Michango ilikuja polepole, mtunza sanduku atasoma hesabu. Kila mwenye parsele karibu na bandari amletee sekretere kopi ya karatasi zake kabla ya mkutano ujao, hata kama ni barua ya kuuziana tu, tunazipanga zote kwenye faili moja la kupeleka komini.