Lugha mbili hazimlemei mtoto

Mhariri,

Makala yenu kuhusu watoto wanaolelewa kwa lugha mbili ilidai kuwa kusitasita kwao ni dalili ya akili iliyoelemewa. Sikubaliani. Katika mazungumzo, pengo kati ya msemaji na anayemjibu huwa wastani wa milisekunde 200 hivi, ilhali kuandaa hata neno moja huchukua takriban 600. Kwa hiyo msikilizaji hulazimika kutabiri mwisho wa sentensi na kutayarisha jibu kabla mwenzake hajanyamaza. Mwenye lugha mbili hufanya hayo huku zote mbili zikiwa macho akilini, na akikawia kidogo kupata neno (jambo la kawaida kabisa), huo si upungufu.

Walimu wanaopima ufahamu kwa wepesi wa kujibu wawaongezee wanafunzi hao muda, na wawapime kwa lugha zote mbili kabla ya kuwaita wazito.