Mkopo wa bati na fomu ya udiwani

Dada, salaam kutoka Moshi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 44. Niliajiriwa mwaka 2006, na karibu muda wote huo nimefundisha shule moja, njia ya kupandia Uru. Jumamosi nikishuka sokoni Kiboriloni nusu ya wauzaji wananiita Mwalimu, na wachache kati yao niliwahi kuwachapa.

Diwani wetu alifariki mwaka huu na uchaguzi mdogo umekaribia. Jumapili moja baada ya ibada tukapata wageni nyumbani, wazee wanne na mama mweka hazina wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mzee mkubwa alikuwa na jani la sale mkononi, limefungwa fundo. Msomaji wa kwingine atauliza jani ni la nini. Kwetu Wachaga sale ndilo linapandwa mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, na ndilo la kuombea msamaha. Mtu akija nalo kukuomba jambo, humjibu ukiwa umekaa. Hakunipa mimi, alimpa mume wangu, akasema wanamwomba awaazime mke wake kwa miaka iliyobaki. Mume wangu ni dereva wa Coaster, siasa haipendi hata redioni. Alisimama, akalipokea kwa mikono miwili, akasema tutazungumza. Hatujazungumza. Jani liko juu ya kabati la vyombo na limeshaanza kukauka.

Kisa cha kunitaka mimi ni vyoo. Shule yetu ilikuwa na watoto zaidi ya 700 na matundu sita. Niliwakusanya wazazi, wenye mchanga wakaleta mchanga, wenye nguvu wakachimba, halmashauri ikaja kumalizia. Kila shilingi iliyoingia niliiandika ubaoni, nje, kila anayepita aisome. Ndiyo sifa wanayonitolea hadi leo: huyu pesa ikiingia inaandikwa. Naomba ulikumbuke hilo unapoendelea kusoma.

Ofisini kwa walimu wenzangu wameshaniapisha. Mwalimu wa Maarifa ya Jamii kila chai ni hotuba: Nyerere alikuwa mwalimu Pugu, Mwinyi alifundisha Unguja, Magufuli alifundisha kemia Sengerema, na hapa kwetu Solomon Eliufoo wa Machame alitoka kwenye ualimu akafika Waziri wa Elimu. Anapenda sana ile ya mwaka 1955, Nyerere alipotakiwa achague kufundisha au siasa, akaandika barua ya kuacha kazi. Sawa. Lakini Nyerere hakuwa na rejesho la mkopo wa SACCOS.

Ndipo penye tatizo langu, Dada.

Kwa Katiba yetu huwezi kugombea mpaka chama kikudhamini. Marehemu Mchungaji Mtikila alihangaika na hiyo kesi ya mgombea binafsi miaka mingi, akaja kushinda mwaka 2013 kwenye Mahakama ya Afrika, hapo jirani Arusha, na bado mpaka leo bila chama huna fomu. Kwa hiyo wale watu wa vyoo, wenye kunipenda, hawanifikishi popote. Lazima nipite kwanza kwa wajumbe wa chama kwenye kura za maoni. Kadi ninayo siku nyingi. Wajumbe sinao.

Akajitokeza kijana wa kunisaidia, nilimfundisha mwenyewe hadi darasa la saba. Wiki tatu zilizopita alikuja jioni na daftari la kurasa 48. Ndani amepanga wajumbe wote 96, majina, mtaa, nani anasikilizwa na nani, na pembeni ya kila jina tarakimu: 20,000, 20,000, mabalozi wa nyumba kumi 50,000. Nilisoma ukurasa wa kwanza nikashindwa kugeuza wa pili. Si kwa sababu ya tarakimu. Ni mwandiko. Ile herufi g yenye mkia mrefu nilimfundisha mimi, kwa kumshika mkono. Na mimi ndiye ninayefundisha Uraia na Maadili pale shuleni, sura ya rushwa naijua kwa moyo.

Nilipomuuliza akasema, "Hii si rushwa, Mwalimu. Ni nauli." Zamani iliitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006, mwaka ule ule nilioajiriwa. Siku hizi ni nauli. Anasema wagombea wenzangu wawili wameshaanza kugawa, na bila hiyo nitapata kura ya mzee mwenye sale na ya mkewe.

Sasa sikiliza nilichofanya kabla hata ya daftari. Nilikopa milioni 4 kwenye SACCOS yetu ya walimu. Kwenye fomu, mahali pa madhumuni, niliandika kuezeka nyumba. Nyumba kweli ipo, kuta zimefika kwenye lenta, mume wangu anaisubiri. Lakini wakati naandika nilijua moyoni kwamba naweka akiba ya fomu na kampeni. Wadhamini wangu ni walimu wawili, mmoja ni mjane anayefundisha darasa la kwanza, tunayekula naye sahani moja. Walisaini wakijua ni bati.

Afisa utumishi nilimwendea, akanieleza vizuri tu: nikishinda, ualimu basi. Diwani hana mshahara, ana posho ya mwezi na ya vikao, na rejesho langu linakatwa kwenye mshahara. Mshahara ukisimama, makato yanahamia kwa wadhamini. Pensheni haijapotea, miezi 180 ya kuchangia PSSSF, mfuko wetu wa pensheni, nimeshaivuka, ila hiyo ni ya uzeeni. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, mimi nina 44. Kurudi darasani nikishindwa, kila mwalimu ana simulizi yake na hakuna anayenionyesha karatasi.

Mama mkwe anasema mwanamke wa siasa hulala nje. Hilo halinisumbui, alisema hivyo hivyo nilipokwenda kusoma diploma.

Nakuuliza wewe na wasomaji, hasa waliowahi kupita huku. Naweza kusimama mbele ya wajumbe bila bahasha, nikawaeleza habari ya vyoo, nikabaki na nafasi hata kidogo? Kuna aliyefanya hivyo akapita? Na wale wadhamini, niwaambie ukweli sasa, au nirudishe mkopo kwanza ndipo niongee? Wazee nao nitawajibu nini, maana sale halirudishwi kama mwaliko wa harusi.

Usiniambie tu niache rushwa, hilo nalifundisha kila Jumanne. Juzi yule kijana aliomba 60,000 ya vocha na mafuta ya bodaboda. Nikampa. Sikuuliza vocha za nani. Niliitoa kwenye ule mkopo, na sikuiandika popote.

Fomu zinaanza kutolewa Jumatatu. Jana usiku mume wangu amerudi na bei za bati, geji 28, kaziandika nyuma ya risiti ya mafuta. Akaniuliza tunanunua lini. Nimemwambia wiki ijayo.

Mwalimu, Moshi